Je, Wajua? Mito Inayojaa, Mito Inayokauka

Je, wajua kwamba miongoni mwa kumbukumbu ndefu kabisa za maji ya mto duniani ni zile za Nile, na kwamba zinaanzia mwaka 622, mwaka uleule wa Hijra? Kwenye kisiwa cha Roda, Cairo, kipo kisima cha mawe ambacho katikati yake imesimamishwa nguzo ya marumaru yenye pembe nane, imechongwa alama za dhiraa kutoka chini hadi juu. Kisima kinachoonekana leo kilijengwa mwaka 861, enzi za Khalifa al-Mutawakkil. Maji ya mto yaliingia humo kupitia njia tatu za chini kwa chini, kila moja kwa kimo chake, ili yatulie na kusomeka bila mawimbi. Ukutani zimechongwa aya za Qurani zinazotaja maji na mimea. Kazi ya kushuka ngazi, kusoma alama na kuitoa habari ilikaa mikononi mwa ukoo mmoja kwa karne nyingi. Na habari yenyewe ilikuwa nzito: maji yakifika dhiraa 16, mfereji wa Cairo ulifunguliwa kwa sherehe na kodi ya ardhi ikadaiwa, yakikwama chini ya hapo, watu walianza kuficha nafaka.

Mwaka 1200 maji hayakupanda, na 1201 yakagoma tena. Tabibu wa Baghdad, Abd al-Latif, alikuwa Cairo wakati huo na aliandika aliyoyaona: vijiji vitupu, barabara zenye maiti, watu kulana. Mvua iliyowaangusha ilikuwa ya Ethiopia, ambako hutoka karibu asilimia 85 ya maji ya Nile yanayofika Misri.

Je, wajua kwamba ukisoma viwango vya chini vya kila mwaka pale Roda, kuanzia 622 hadi 1284, unakuwa na mfululizo wa miaka 663, na wataalamu wa takwimu bado wanautumia mpaka leo kujifunza tabia ya mito? Jambo moja linajitokeza mapema: miaka mibaya haiji mmojammoja. Inakuja kwa makundi, na yale mazuri vilevile.

Aliyelithibitisha hilo kwa hesabu ni Mwingereza Harold Edwin Hurst. Alifika Misri mwaka 1906, akakaa huko zaidi ya miaka 60, na watu wakamwita Abu Nil, baba wa Nile. Swali lake lilikuwa la vitendo kabisa: bwawa liwe na ukubwa gani ili Misri isipungukiwe maji hata miaka ya ukame ikifuatana? Hapa inafaa tutulie kidogo. Kama kila mwaka ungekuwa haujui uliotangulia, mfano wa kurusha sarafu, basi bwawa la kuvumilia miaka 100 lingepaswa kuwa mara mbili ya bwawa la kuvumilia miaka 25. Hurst alipopiga hesabu kwa vipimo vya kweli alikuta si mara mbili bali karibu mara 2.75. Akajaribu kwingine: mvua, pete za miti, matabaka ya tope chini ya maziwa. Jibu likawa lilelile. Mwaka 1951 akachapisha matokeo yake. Maana yake kwa mtu wa kawaida ni kwamba aliyeupima mto kwa miaka 30 anaweza kuwa ameipima neema tupu, akajenga na kugawa kwa kuitegemea, kisha dhiki ikamkuta hana akiba.

Je, wajua kwamba mwanahisabati Benoit Mandelbrot na mtaalamu wa maji James Wallis, walipoiandikia tabia hiyo mwaka 1968, waliiita athari ya Yusufu? Walikuwa na maana ya miaka saba ya mavuno na miaka saba ya njaa katika ndoto ya mfalme wa Misri. Mafuriko ya ghafla yanayovunja rekodi zote waliyapa jina la Nuhu.

Mwaka 1959 Misri na Sudan zilitia saini mkataba wa kugawana Nile. Zilichukua wastani wa maji yaliyopimwa tangu 1900, yaani mita za ujazo bilioni 84 kwa mwaka pale Aswan. Misri ikapata 55.5, Sudan 18.5, na 10 zikahesabiwa kupotea kwa mvuke kwenye ziwa la bwawa. Ethiopia haikuwa mezani, wala nchi za maziwa ya juu, ambazo zote bado zilikuwa chini ya wakoloni. Nadhani hilo lilikuwa kosa la haki. Kosa la hesabu lilikuja kuonekana haraka zaidi, kwa sababu miaka miwili tu baadaye mto wenyewe ulibadilika.

Je, wajua kilichotokea mwishoni mwa 1961? Vuli haikukoma. Kuanzia pwani hadi maziwa makuu mvua zilipiga kwa namna ambayo wazee walioishuhudia waliitumia kuhesabia umri wa watoto wao. Kufikia 1964 Ziwa Viktoria lilikuwa limepanda kwa karibu mita 2 na nusu. Ziwa hilo lina eneo la karibu kilomita za mraba 69,000, kwa hiyo maji yaliyoongezeka yalikuwa karibu mara mbili ya Nile yote ya mwaka mzima inayopita Aswan. Gati zikazama, mashamba ya kandokando yakaliwa. Maji yanayotoka ziwani pale Jinja kuingia Nile Nyeupe yalifikia takriban mara mbili ya yale ya miaka 60 iliyotangulia, na hayakurudi chini mwaka uliofuata wala muongo uliofuata.

Na maji hayo yalikwenda wapi? Mengi yaliishia Sudd, bwawa kubwa la majani na matete huko Sudan Kusini, ambamo Nile Nyeupe hupoteza karibu nusu ya maji yake kabla ya kutoka upande wa pili. Baada ya 1961 Sudd ilitanuka zaidi ya maradufu. Wafugaji wa Kinuer na Kidinka waliokuwa wakiteremsha ng'ombe kwenye malisho ya kiangazi walikuta malisho yamezama, na mengine hayakuibuka tena. Mvua iliyonyesha Bukoba na Kisumu ilimnyang'anya mtu malisho yake Sudan Kusini. Hali hiyo imejirudia tangu 2019, na mji wa Bentiu umeishi miaka kadhaa ukiwa umezungukwa na maji, watu wakiokolewa na matuta ya udongo.

Je, wajua kwamba zaidi ya asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Viktoria hayaletwi na mto wowote? Ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, nyingi ikiwa ya usiku, pepo za nchi kavu kutoka pande zote zinapokutana katikati ya ziwa na kuinua mawingu ya radi. Wavuvi wa dagaa wanazijua radi hizo kuliko mtaalamu yeyote. Kagera ndio mto mkubwa unaoingia, lakini mbele ya mvua hiyo mchango wake ni mdogo. Na sehemu kubwa ya maji hayo hurudi angani kwa mvuke. Kinachotoka Jinja ni salio tu. Ndiyo maana mabadiliko madogo ya mvua yanaufanya mto uruke au uanguke kwa kiasi kikubwa.

Bwawa la Owen Falls pale Jinja, sasa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Maporomoko ya Ripon, yale aliyoyafikia John Hanning Speke mwaka 1862, yalipasuliwa na kuzamishwa. Tangu hapo anayeamua kiasi cha maji yanayotoka si mwamba tena, ni mtu mwenye malango. Palikuwa na makubaliano kwamba malango yatoe maji yaleyale ambayo mwamba ungeyatoa. Lakini kati ya 2004 na 2006, ukame ulipokutana na njaa ya umeme, maji yaliyotolewa yalizidi makubaliano. Ziwa likashuka hadi kiwango ambacho hakikuonekana tangu miaka ya 1920. Wachunguzi walipogawa lawama, karibu nusu iliangukia ukame na karibu nusu ikaangukia malango. Mvuvi aliyekuwa akiburuta mtumbwi wake kwenye tope alikuwa analipia bili mbili kwa wakati mmoja.

Kisha Mei 2020 ziwa hilohilo lilifikia tena rekodi ya 1964, na Mei 2024 likaipita. Mwezi mmoja kabla ya kilele cha 2020, kisiwa kinachoelea cha matete na magugu kiling'oka ufukweni, kikasukumwa hadi Jinja na kuziba mitambo. Uganda karibu yote ikaingia gizani.

Je, wajua kwamba jua liliwahi kushukiwa? Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, C.E.P. Brooks, alionyesha kwamba tangu 1896, vipimo vilipoanza, Ziwa Viktoria lilikuwa likipanda na kushuka sambamba na madoa ya jua yenye mzunguko wa miaka 11 hivi. Michoro ililingana kwa namna ya kushangaza. Baada ya hapo ulinganifu ukavunjika, na haukurudi ulivyokuwa. Kila ninapoona mchoro wa mistari miwili inayofuatana vizuri kwa miaka 25, namkumbuka Brooks. Hakudanganya mtu, alichokosa ni miaka ya kutosha.

Mshukiwa wa kweli alikuwa baharini. Mwaka 1999 wanasayansi walieleza kwa mara ya kwanza kile kinachoitwa daipoli ya Bahari ya Hindi. Kwa kawaida maji yenye joto zaidi hukaa upande wa Indonesia. Kuna miaka ambayo hali hugeuka: upande wa Indonesia unapoa, upande wetu wa Afrika Mashariki unapata joto, na pepo zinasukuma unyevu kuja huku. Vuli inageuka gharika. 1961 ulikuwa mwaka wa namna hiyo. 1997 ulikuwa hivyo, ukiwa pamoja na El Nino, ongezeko la joto la Bahari ya Pasifiki, iliyokata barabara na madaraja Kenya na Tanzania. 2019 tena.

Je, wajua kwamba vuli ya 1961 ilifika mpaka Kinshasa? Mto Kongo hupitisha wastani wa karibu mita za ujazo 41,000 kila sekunde, na ni mtulivu kwa sababu unavuka Ikweta mara mbili: upande mmoja ukiwa kiangazi, mwingine una mvua. Vipimo vya Kinshasa vimeanza mapema karne ya 20. Katika miaka yote hiyo, kilele kikubwa kuliko vyote kilikuwa Desemba 1961, karibu mita za ujazo 80,000 kwa sekunde. Januari 2024 ndipo mto ulipokikaribia tena.

El Nino hiyohiyo inayotuletea vuli nzito mara nyingi hupunguza mvua za kiangazi cha kaskazini kwenye milima ya Ethiopia. Basi Nile Nyeupe ya Ziwa Viktoria inapata, Nile ya Buluu ya Ethiopia inakosa. Katika miaka ya 1990 ilikokotolewa kwamba takriban robo ya kupanda na kushuka kwa Nile mwaka hadi mwaka kunaendana na joto la Bahari ya Pasifiki, maelfu ya kilomita kutoka tone la kwanza la mto huo.

Je, wajua kwamba masika imewatatiza watabiri? Hesabu nyingi za kompyuta zinasema Afrika Mashariki itapata mvua zaidi kadiri dunia inavyopata joto. Lakini kuanzia miaka ya 1980 hadi miaka ya 2010 masika, mvua ya Machi hadi Mei, ilikuwa ikipungua. Wanasayansi wenyewe wanaliita fumbo la tabianchi la Afrika Mashariki. Sehemu ya jibu ni kwamba masika ilikuwa ikianza kwa kuchelewa na kukatika mapema. Kisha ikaja masika ya 2018, ya 2020 na ya 2024, zote za mafuriko. Mkulima anayeambiwa "mvua zitaongezeka" ana haki ya kuuliza: zipi, mwezi gani, na kwa siku ngapi?

Sasa twende Mto Ruaha Mkuu, Tanzania, maana hapa ndipo neno tabianchi limetumiwa vibaya zaidi. Mwishoni mwa 1993, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu, mto huo uliacha kutiririka ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Viboko walibanana kwenye madimbwi ya mwisho, samaki wakafa. Tangu hapo kukauka katika miezi ya mwisho ya kiangazi kumekuwa jambo la kila mwaka. Wako waliosema mvua imepungua. Wengine waliwanyooshea kidole wafugaji, ambao waliondolewa kwa nguvu Usangu, mto unakopita kabla ya kufika hifadhini, mwaka 2006 na 2007. Lakini vipimo vya mvua havikuonyesha upungufu wa kueleza mto mzima kukauka.

Lililobadilika lilikuwa chini, mashambani. Nyanda za Usangu ziligeuka ghala la mpunga: Mbarali, Kapunga, na mamia ya mabanio ya wakulima wadogo, yaani vizuizi vinavyogeuza maji ya mto kuelekea shambani. Banio la zamani la matawi, mawe na majani lilivuja, na mvujo huo ulikuwa riziki ya walio chini. Banio la zege halivuji. Linaweza kuuchukua mto wote, na mengi yaliachwa wazi hata Septemba na Oktoba, mpunga ukiwa umeshavunwa, maji yakitandazwa mashambani na kupotea kwa jua. Kisha kuna Ihefu. Maji ya Usangu hukusanyika katika ardhioevu hiyo, na njia yake ya kutokea ni moja tu, Ng'iriama, ambapo mwamba umekaa kama kizingiti. Maji yakiwa juu ya mwamba kwa sentimita chache, mto unatembea. Yakishuka chini yake kwa sentimita chache, mto umekufa, ingawa nyuma ya mwamba bado kuna maji ya kujaza upeo wa macho. Ndiyo maana mto ulikatika ghafla, wala haukufifia polepole.

Na bado watu wanachanganya mambo mawili, kukauka kwa mto na mgao wa umeme. Bwawa la umeme la Mtera, chini zaidi kwenye mto huohuo, lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, hujazwa zaidi na mafuriko ya msimu wa mvua kuliko na kijito cha Oktoba. Kumlaumu mwenye banio kwa kila mgao wa umeme si haki. Namna bwawa lilivyofunguliwa na kufungwa nayo ina lake. Mwaka 2001 serikali iliahidi kwamba Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Usangu iliingizwa kwenye hifadhi mwaka 2008. Mwaka 2010 ulipita. Na wanaosubiri maji hayo wameongezeka, kwa sababu Ruaha unaingia Rufiji, na Rufiji sasa inazungusha mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere yenye uwezo wa megawati 2,115.

Je, wajua kwamba barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa takriban asilimia 85 kati ya 1912 na 2011? Hilo ni kweli, na linauma. Lakini si kweli kwamba Mto Pangani unaishi kwa barafu hiyo. Inayoyeyuka huchangia kidogo sana. Nyingi huenda moja kwa moja hewani. Kinachoulisha mto ni mvua ya kwenye misitu ya ubavu wa mlima, pamoja na ukungu unaokamatwa na majani ya misitu ya mawingu kule juu. Moto uliopanda mlimani miaka ya karibuni umeurudisha chini ukingo wa msitu huo, na hasara hiyo ya maji ni kubwa kuliko ya barafu. Ukiona mfongo, mfereji wa Wachaga, umekauka, anza kuangalia msitu.

Je, wajua kwamba tumbawe la Malindi linaweza kusimulia habari za Machakos? Mto Athi, unaokusanya maji ya Machakos, ukishapita Tsavo unaitwa Galana, na unapofika baharini ni Sabaki. Msimu wa mvua unatema tope mpaka bahari ya Malindi inakuwa ya rangi ya chai. Tumbawe hukua kwa tabaka za mwaka, na udongo unapoingia baharini hubeba bariamu inayonaswa ndani ya tabaka hizo. Watafiti walitoboa tumbawe lenye umri wa karibu miaka 300 na kusoma tabaka moja baada ya nyingine. Kwa karne mbili na zaidi, bariamu ilipanda mafuriko yalipokuja na kushuka yalipopita. Kuanzia mapema karne ya 20 ikapanda na kuendelea kupanda. Mvua haikuwa imebadilika kiasi hicho. Ni ardhi iliyokuwa imefunguliwa: mashamba ya walowezi, na Waafrika waliosongamanishwa katika maeneo waliyotengewa, wakalima miteremko isiyolimika kwa kuwa hawakuachiwa kwingine.

Magharibi mwa Sahel kuna jambo jingine la ajabu: katika miaka ya ukame, mvua ikipungua, vijito vya karibu na Niamey, Niger, vilizidi kuleta maji. Ardhi iliyovuliwa majani hufanya gamba gumu, mvua ikiteleza juu yake badala ya kuzama. Watu wa Niamey leo wana mafuriko mekundu yanayotangulia yale yaliyozoeleka tangu zamani, yanayotoka Guinea.

Ziwa Chad lilikuwa na karibu kilomita za mraba 25,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 halikubaki hata na sehemu moja ya kumi. Picha mbili za satelaiti za nyakati hizo bado zinazungushwa kila mwaka kana kwamba ziwa linaendelea kukauka, ilhali tangu miaka ya 1990 limerudisha sehemu ya maji yake. Anayewaambia watu wa Chad na Borno kwamba ziwa lao limekwisha anawatangazia msiba usiokuwepo, na mipango ya misaada inajengwa juu yake.

Je, wajua kwamba Ziwa Viktoria liliwahi kukauka? Yapata miaka 16,000 iliyopita palikuwa na nyasi pale ambapo leo sangara wanavuliwa, na hakuna tone lililotoka Jinja. Nile Nyeupe haikuwa na chanzo chake tunachokijua.

Na kinyume chake: kati ya miaka 11,000 na 5,000 iliyopita Sahara ilikuwa na maziwa na viboko, kama michoro ya miamba ya Tassili n'Ajjer inavyoonyesha. Ziwa Turkana lilijaa karibu mita 100 juu ya lilipo leo na kumwagikia Nile. Sababu ilikuwa mwendo wa dunia yenyewe: mhimili wake huyumba taratibu, na wakati ule kiangazi cha kaskazini kilikuja dunia ikiwa karibu zaidi na jua, kikaivuta mvua ndani ya jangwa.

Na si Afrika tu: Mto Elbe, Ulaya ya kati, una mawe ya njaa. Ni mawe yaliyo chini ya maji, yanayoonekana ukame ukizidi tu, na watu wa zamani walichonga miaka ya shida juu yake. Lile la mji wa Děčín lina mwaka 1616, nalo linamwambia atakayeliona alie. Lilionekana mwaka 2018, likaonekana tena 2022.

Huko Marekani, majimbo saba yaligawana Mto Colorado mwaka 1922 kwa kutumia vipimo vya miaka michache iliyotangulia. Baadaye pete za miti zilionyesha kwamba miaka hiyo ilikuwa miongoni mwa yenye maji mengi kwa karne kadhaa. Mpaka leo wanagawana maji ambayo mto hauna.

Je, wajua kwamba kila joto la hewa linapoongezeka nyuzi moja ya Selsiasi, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7? Hewa hiyo ina kiu zaidi kiangazi na mzigo zaidi wakati wa mvua. Ndiyo maana mto uleule unaweza kukosa maji Oktoba na kubomoa daraja Aprili, bila wastani wake wa mwaka kusogea.

Mwaka 2021 watafiti walichapisha uchambuzi wa vituo 7,250 vya kupimia mito duniani, miaka ya 1971 hadi 2010. Waliona mito ya nchi za Mediterania ikipungua na ya kaskazini mwa Ulaya ikiongezeka. Walipojaribu kuyaeleza mabadiliko hayo kwa bahati ya mvua peke yake, au kwa matumizi ya maji na ardhi, hesabu ilikataa. Ilikubali tu walipoingiza joto linalotokana na binadamu. Lakini ukiitazama ramani ya vituo hivyo, Ulaya na Amerika zimejaa nukta, na Afrika ni tupu kwa sehemu kubwa.

Wajua kituo chenyewe kilivyo? Ni ubao wa chuma wenye alama za sentimita, nyeusi kwa nyeupe, umefungwa kwenye nguzo ukingoni. Mtu anayeishi jirani huusoma asubuhi na jioni na kuandika daftarini. Mara chache kwa mwaka fundi wa bonde huja na kifaa chenye pangaboi, anakizamisha hatua kwa hatua kutoka ukingo hadi ukingo, anapata kasi ya maji, na kutoka hapo jedwali la kugeuza sentimita kuwa mita za ujazo. Mto ukihamisha mchanga wake, jedwali limekufa, linatakiwa jipya. Msomaji asipolipwa posho yake, daftari linabaki tupu. Na gharika kubwa, ile hasa ambayo kila mhandisi angetaka kuijua, huzoa ubao na nguzo pamoja. Mabonde yetu mengi yana mapengo katika miaka hiyo hiyo. Nchi zinazokopa mabilioni kujenga mabwawa haziwezi kusema hazina fedha za ubao na posho.

Na la mwisho ni la Ujiji, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja wa kutokea, Mto Lukuga, upande wa Kongo. Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron aliufikia mwaka 1874 akaukuta umesongwa na majani na tope. Stanley alipopita mwaka 1876 maji yalikuwa karibu yamesimama, ziwa likipanda na kula nyumba za ufukweni. Yapata 1878 kizuizi kilipasuka. Kufikia 1894 ziwa lilikuwa limeshuka kwa karibu mita 10, na mnara wa pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871 leo uko mbali na maji. Katika miaka ya 2010 ziwa lilikuwa likishuka tena, na Tanzania na Kongo zikaanza kujadili kujenga kizuizi Lukuga ili maji yasiendelee kupotea. Kufikia 2020 na 2021 lilikuwa limepanda: bandari ya Kigoma ilizama sehemu, Uvira na Kalemie watu walihama, vitongoji vya Bujumbura vilikuwa majini, na mwaka 2024 likapanda tena. Atakayechora kizuizi hicho atahitaji kuchagua kimo kimoja cha zege, na kumbukumbu alizonazo zinampa ziwa la 1878, la 1894, la 1964 baada ya zile mvua za 1961, la 2016 na la 2024, yote ziwa lilelile.